Hayati Mwalimu Nyerere: Nani aliupasua moyo wake?



Kila unapokaribia uchaguzi mkuu misikiti yetu hupata wageni. Nduruma, kwetu huku chini ya Mlima Meru, si tofauti na kwingineko. Mgombea huvaa kanzu na kofia siku ya Ijumaa, akawafuturisha waumini ikiwa ni Ramadhani, na Jumapili mpinzani wake (pengine yeye yule yule) akaonekana kiti cha mbele kanisani. Baada ya swala maneno huanza barazani: je, huyu anaamini au anatafuta kura? Na kwa sisi tulio jirani na mji wa Arusha, mazungumzo hayo aghalabu huishia kwa mtu aliyefariki mwaka 1999, naye ni hayati Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Wapo wanaomwita mcha Mungu, na wapo wanaosema dini yake ilikuwa pazia la siasa. Tuyatazame maisha yake kwa uadilifu tulioamrishwa, hata kwa yule tusiyekubaliana naye.

Alizaliwa Butiama mwezi Aprili 1922, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Hakuzaliwa katika Ukristo, kwani baba yake alishika mila za kabila lake. Kijana aliyasikia mafundisho ya Kikatoliki kwa mapadri wa Nyegina, karibu na Musoma, na akabatizwa Desemba 1943, akiwa na umri wa miaka 21, baada ya baba yake kufariki. Wakati huo hapakuwa na kura ya kutafutwa. Masomo yake ya Tabora aliyapata katika shule ya serikali, hivyo haielekei kuwa ubatizo ule ulikuwa bei ya kiti cha darasani.

Jambo la pili lina uzito zaidi. TANU ilipoundwa Julai 1954, na yeye alipoacha ualimu wa Pugu mwaka 1955, waliompokea Dar es Salaam walikuwa kwa sehemu kubwa Waislamu: akina Abdulwahid Sykes, Sheikh Hassan bin Ameir, Sheikh Suleiman Takadir na Bibi Titi Mohamed. Mwanasiasa wa kuvaa dini kama kanzu ya kuazima angeiona faida yake mahali pale. Yeye alibaki Mkatoliki miongoni mwa wazee waliokuwa wakimwombea dua, wala hakujifanya mwenzao wa kibla.

Kisha ikaja Arusha. Kuanzia tarehe 26 hadi 29 Januari 1967 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana katika ukumbi wa Kaloleni, ambao baadaye ulifanywa makumbusho, na Azimio likatangazwa Februari 5. Vijana wengi hukumbuka tu kwamba mabenki yalitaifishwa. Lakini sehemu iliyowachoma wakubwa ilikuwa miiko ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Miezi michache kabla, Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana kupinga masharti ya kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu aliwarudisha makwao wapatao 400, na papo hapo akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Na sheria ya elimu ya mwaka 1969 ilipoziweka shule za mashirika ya dini mikononi mwa serikali, Kanisa lake lilikuwa miongoni mwa waliopoteza shule nyingi zaidi.

Hapa ndipo kalamu ya Mwislamu inapokuwa nzito, kwa kuwa yapo pia ya mwaka 1968. Jumuiya ya EAMWS, iliyoasisiwa mwaka 1945 na iliyokuwa ikijenga shule na misikiti, ilipigwa marufuku Desemba mwaka huo, na BAKWATA ikaundwa. Sheikh Hassan bin Ameir, yule yule aliyempokea, alirudishwa Zanzibar. Serikali ilieleza kuwa mgogoro ulikuwa wa Waislamu wenyewe kwa wenyewe, maelezo ambayo Waislamu wengi hawakuyakubali. Tangu hapo hoja ya barazani huwa fupi: angekuwa mkweli katika imani yake, asingetufanyia haya.

Kwa maoni yangu hoja hiyo imechanganya mambo mawili. Mtu anaweza kuiamini dini yake kwa dhati na bado akakosea katika hukumu juu ya watu wa dini nyingine. Usama bin Zayd (r.a.) alipomuua vitani mtu aliyekwisha kutamka shahada, kwa kudhani aliitamka kwa kuogopa upanga, Mtume (s.a.w.) alimkaripia akimuuliza kama aliupasua moyo wa mtu yule. Kisa hicho kinahusu Mwislamu, lakini sioni kwamba macho yetu hupata uwezo zaidi tunapomtazama Mkristo. La mwaka 1968 tulipime kama dhuluma au si dhuluma, kwa ushahidi wake, tuiache imani ya mtu pembeni.

Tena mizani iwe moja. Idi Amin aliiingiza Uganda katika Jumuiya ya nchi za Kiislamu mwaka 1974 akijinadi kuwa mtetezi wa dini yetu, na raia zake wa dini zote wakachinjwa. Wapo miongoni mwetu waliomsamehe kwa sababu ya jina la dini tu. Vita vya 1978 na 1979 vilipigwa na askari wetu Waislamu kwa Wakristo.

Alipostaafu urais mwaka 1985 Mwalimu hakuwa na cheo cha kutafuta kwa sala, lakini aliendelea kuhudhuria misa, Msasani na Butiama. Alizitia Injili na Matendo ya Mitume katika utenzi wa Kiswahili, bahari iliyolelewa na washairi Waislamu wa Pwani, na kazi hiyo ikachapishwa mwaka 1996. Miiko ya Arusha ilikuwa imekwisha kulegezwa huko Zanzibar mwaka 1991, jambo alilolilalamikia waziwazi. Wakubwa waliofunguliwa mikono waliendelea kwenda misikitini na makanisani kama kawaida.

Kuanzia Juni 1998 alirudi Arusha kuwapatanisha Warundi, na hakuimaliza kazi hiyo. Alifariki London Oktoba 14, 1999, akazikwa Butiama. Mkataba ulitiwa saini Agosti 2000 chini ya Nelson Mandela. Mwaka 2005 Jimbo Katoliki la Musoma lilianzisha mchakato wa kuchunguza utakatifu wake. Wale waliopiga magoti pamoja naye kwa miaka mingi nao ilibidi waanze kuita mashahidi.