Turlough O'Carolan: Kipofu aliyelipa fadhila kwa kinubi

Mwaka 1691 kijana kipofu mwenye umri wa miaka 21 alipandishwa farasi huko Alderford, kaskazini mwa kaunti ya Roscommon nchini Ireland, akakabidhiwa kinubi, fedha kidogo za njiani na mtu wa kumwongoza. Jina lake Turlough O'Carolan. Safari aliyoianza siku hiyo ilidumu karibu miaka 50, na kwa muda wote huo riziki yake ilitoka katika nyumba za watu waliokubali kumpokea.

Wakati wenyewe ulikuwa mgumu. Mwaka huohuo vita kati ya wafalme wawili waliogombea taji, James wa Pili na William wa Tatu, vilimalizika kwa kushindwa kwa Wakatoliki wa Ireland. Zikafuata sheria zilizowazuia kununua ardhi, kushika nyadhifa na kuendesha shule. Kufikia mwanzoni mwa karne ya 18, Wakatoliki, ambao ndio waliokuwa wengi nchini, walikuwa wamebakiwa na takriban asilimia 14 tu ya ardhi. Kwa mpiga kinubi hayo hayakuwa mambo ya mbali. Tangu enzi za kale wanamuziki wa aina yake walilishwa na kuvikwa na wakuu wa koo za Kigaeli. Wakuu hao walipopokonywa mashamba, chungu kilichompikia mpiga kinubi nacho kiliepuliwa.

O'Carolan alizaliwa mwaka 1670 karibu na Nobber, kaunti ya Meath, katika familia ya watu wa kawaida. Baba yake alihamia magharibi kufanya kazi kwa akina MacDermott Roe wa Alderford, na bibi wa nyumba ile, alipoona akili ya mtoto, akajitolea kumsomesha. Alipofikisha miaka 18 ndui ilimpofusha. Siku zile kupiga kinubi ilikuwa miongoni mwa kazi chache za heshima alizoweza kufundishwa kipofu. Bibi yule akamtafutia mwalimu kwa miaka mitatu, kisha akamnunulia farasi. Bila mwanamke huyo pengine tusingekuwa na habari hii ya kusimulia.

Hata hivyo, umri wa miaka 18 ni wa kuchelewa kwa mwanafunzi wa kinubi. Waliomsikia hawakumhesabu miongoni mwa mafundi wakubwa wa kukipiga. Inasimuliwa kwamba mmoja wa wenyeji wake wa mwanzo, bwana Reynolds wa kaunti ya Leitrim, aliona vidole vyake si vyepesi, akamshauri ajaribu kutunga. Akampa na kisa cha kuanzia: vilima viwili vya jirani, kimoja kidogo na kimoja kikubwa, ambavyo wenyeji waliamini ni makao ya viumbe wa ghaibu. Kijana akatunga Sí Bheag, Sí Mhór, muziki ambao hadi leo hupigwa kwenye harusi nchini humo.

Tangu hapo akajua pa kushika. Alitunga akiwa juu ya farasi, njiani kuelekea nyumba aliyoalikwa, na alipofika muziki wenye jina la mwenyeji ulikuwa tayari. Inasemekana alivihesabu vifungo vya koti lake kwa vidole ili kuzikumbuka sauti. Ndiyo maana orodha ya kazi zake husomeka kama daftari la wageni lililogeuzwa, kwani mgeni ndiye aliyeandika majina ya wenyeji.

Wapo watakaoona kwamba huko kulikuwa kujipendekeza kwa matajiri. Hoja hiyo ina uzito, hasa ukikumbuka kwamba alipokewa na Wakatoliki waliofilisika na vilevile na Waprotestanti waliozipata ardhi zao, na wote akawatungia. Lakini kipofu asiye na shamba angekula wapi? Naye hakutunga kwa kurudiarudia mkondo mmoja. Alisikia katika nyumba hizo muziki mpya wa Italia, wa akina Corelli na Vivaldi, akauchanganya na ule wa kale wa Kigaeli hata kazi zake nyingine zikawa hazifanani na chochote kilichotangulia.

Alimuoa Mary Maguire, wakajenga karibu na Mohill, Leitrim, wakajaaliwa mabinti sita na mtoto mmoja wa kiume. Mary alifariki mwaka 1733. Miaka mitano baadaye O'Carolan, akiwa mgonjwa, alirudi Alderford kwa bibi yule yule aliyempa farasi, na huko akaaga dunia tarehe 25 Machi 1738. Matanga, kwa mujibu wa masimulizi, yalikesha siku nne. Alizikwa katika makaburi ya Kilronan, karibu na kijiji cha Keadue.

Muziki wake ungeweza kuzikwa naye, kwa kuwa sehemu kubwa yake ilikaa vichwani mwa wapiga kinubi, nao walikuwa wakipungua. Mwezi Julai 1792 wakazi wa Belfast waliitisha mkutano wa wapiga kinubi waliosalia. Walijitokeza kumi tu kutoka Ireland nzima, wengi wao vipofu. Denis Hempson, aliyepita miaka 90, ndiye pekee aliyepiga nyuzi za shaba kwa kucha ndefu kama walivyofanya wa kale. Edward Bunting, kijana wa miaka 19, alipewa kazi ya kuandika alichosikia, na katika madaftari yake zikaokoka tungo nyingi za O'Carolan. Msomi Donal O'Sullivan alipochapisha mkusanyo wake mwaka 1958, zilikuwa zaidi ya 200.

Leo mtu huyo asiyekuwa na utajiri anaenziwa kila alikopita. Sura yake ilichapishwa kwenye noti ya pauni 50 ya Ireland. Mohill na Nobber zimemjengea sanamu. Keadue huandaa kila mwaka tamasha lenye mafunzo na mashindano ya kinubi, ambako vijana hujifunza tungo zilizotungwa kwa ajili ya kumbi ambazo babu zao huenda hawakuruhusiwa kuziingia. Mwaka 2019 UNESCO iliingiza upigaji kinubi wa Ireland katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika.

Kilichosalia, lakini, ni sauti ya juu peke yake. Sauti nzito za chini, ambazo O'Carolan alizipiga kwa mkono wa pili, karibu zote hazikuandikwa. Kila mwanafunzi anayeketi na kinubi Keadue hulazimika kujitungia za kwake, na walimu hubishana kuhusu zipi zinafaa.