Alifukuzwa Uganda, Pasaka iliyofuata akabeba Safari Rally: Maisha ya Shekhar Mehta

Pasaka ya mwaka 1972, Safari ilianzia Dar es Salaam na kumalizikia Dar es Salaam. Kwa watu wa Pwani hilo lilikuwa jambo kubwa. Mbio ngumu kuliko zote za magari Afrika, ambazo walizoea kuzisikia redioni zikianzia Nairobi, safari hii zilikuwa mlangoni kwao.

Miongoni mwa madereva alikuwemo kijana wa miaka 26, Mhindi mzaliwa wa Uganda, jina lake Chandrashekhar Mehta. Wenzake walimwita Shekhar. Mwaka mmoja kabla alikuwa ameshika nafasi ya pili, kwa hiyo alikuja Dar akitajwa tajwa. Hakufua dafu. Ushindi ulichukuliwa na Mfini Hannu Mikkola na gari lake la Ford Escort, na kwa mara ya kwanza tangu mbio zianze, mshindi akawa mtu wa nje ya Afrika Mashariki.

Mehta akarudi nyumbani Uganda kujipanga upya. Hakujua kwamba nyumbani kwenyewe kulikuwa kumebaki miezi michache tu.

Mtoto wa mashamba

Alizaliwa tarehe 20 Juni 1945, katika familia ya Kihindi iliyomiliki mashamba makubwa Uganda. Hakuwa mtoto wa shida. Akiwa na miaka 21 alianza kushindana, akiendesha BMW. Wapo waliodhani ni mchezo wa kijana mwenye hela, atauchoka kama wengine walivyouchoka.

Lakini Safari haikuwa na adabu kwa wenye hela. Ilianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na inasemekana wazo lenyewe lilitokana na uchovu wa kuzunguka uwanja uleule kila wiki. Walioanzisha walitaka kitu kimoja: uingie garini, ufunge mlango, uvuke Kenya, Uganda na Tanganyika, na atakayerudi vizuri ndiye bingwa. Mwaka ule wa kwanza kuna magari yaliyoanzia Nairobi, mengine Kampala, mengine Morogoro.

Na jina walilichukua Pwani. Watu wa Bagamoyo walikuwa wakiliishi neno safari zamani kabla ya injini kufika huku. Misafara ilijipanga pale, ikakata nchi hadi Tabora na Ujiji, na wengine hawakurudi. Ukilitazama hivyo, jina liliendana na kazi.

Barabara ndiyo ilikuwa mpinzani

Leo mtu akisikia rali anafikiria barabara iliyofungwa, polisi kila kona, gari linapita peke yake. Safari ya wakati ule haikuwa hivyo kabisa. Barabara zilikuwa wazi. Dereva anakuja mbio za ajabu, mbele yake kuna basi limejaa abiria, lori la mkonge, ng'ombe wanavuka, mzee na baiskeli yake. Wote wana haki ya kupita.

Tena mbio zilipangwa wakati wa Pasaka, yaani katikati ya masika. Anayeifahamu Pwani ya kaskazini mwa Dar hahitaji kuelezwa. Ruvu hufurika, Wami hufurika, na ukifika Pangani unakutana na mto mwingine. Ndiyo sababu njia kuu ya kwenda Tanga haikufuata bahari kupitia Bagamoyo na Saadani. Ilizunguka bara, Chalinze, Segera, ndipo ikarudi kuitafuta Pwani. Hapo bado hujagusa milima ya Usambara, ambako barabara za Lushoto zikilowa zinateleza kama sabuni na kando yake ni korongo.

Mwaka 1963 mvua ilinyesha mpaka magari saba tu yakamaliza. Mwaka 1968 ikawa hivyohivyo, saba tu. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki na Peugeot 404. Dar nayo ilikuwa na mtu wake, Bert Shankland, Mskoti aliyeishi Tanzania, aliyeshinda mwaka 1966 na kurudia 1967, naye kwa Peugeot 404. Kama unajiuliza kwa nini wazee wa zamani waliiheshimu Peugeot kiasi kile, jibu ni hilo.

Ndani ya mchezo huo ndimo alimoingia Mehta. Mwaka 1971 Datsun walileta gari jipya la michezo, 240Z. Viti viwili, pua ndefu, injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, lita 2.4. Kwa macho lilikuwa gari la kutembelea mjini Jumapili, na wengi hawakuliona likivuka tope la Afrika Mashariki. Edgar Herrmann akashinda nalo. Mehta akawa wa pili na 240Z nyingine. Shankland wa Dar akaja wa tatu na Peugeot 504.

Kwa hiyo swali la kama anaweza lilikuwa limejibiwa. Lililobaki ni lini.

Siku 90

Agosti 1972, miezi minne baada ya ile Pasaka ya Dar, Idi Amin alitangaza kwamba Wahindi waondoke Uganda ndani ya siku 90. Makumi ya maelfu ya watu walifunga mizigo. Wengi walikuwa wamezaliwa palepale, na baadhi walikuwa raia kwa karatasi zote. Maduka, viwanda, nyumba na mashamba vilibaki nyuma na kugawiwa wengine.

Familia ya Mehta haikusalimika. Wakahamia Kenya, na Shekhar pamoja nao. Kijana aliyekuwa akikimbia kwa kujifurahisha sasa alikuwa mkimbizi. Alikuwa mkimbizi mwenye marafiki na timu ya kiwanda nyuma yake, hilo ni kweli, na hawezi kulinganishwa na yule aliyeshuka uwanja wa ndege wa Ulaya na sanduku moja. Lakini nchi aliyozaliwa ilikuwa imemkataa, na nchi aliyohamia ilikuwa bado haijamzoea.

Pasaka ya 1973 ikafika.

Pointi 406 kwa 406

Mwaka huo ulikuwa na uzito wa pekee. Shirikisho la dunia lilikuwa limeanzisha Ubingwa wa Dunia wa Rali, na Safari ikawa raundi ya nne katika historia ya mashindano hayo, baada ya Monte Carlo, Sweden na Ureno. Ubingwa wenyewe wakati ule ulikuwa wa watengenezaji wa magari, wa madereva ulikuja baadaye, 1979. Maana yake kiwanda kilihitaji pointi, na kiwanda hakina undugu.

Mehta alikuwa na 240Z, msoma ramani wake Lofty Drews. Kwenye timu hiyohiyo ya Datsun alikuwemo Msweden Harry Källström na gari la 1800 SSS, msoma ramani Claes Billstam. Källström hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa ameshinda rali ya RAC ya Uingereza mara mbili mfululizo, 1969 na 1970.

Hesabu za Safari zilikuwa hivi. Kati ya kituo kimoja na kingine unapewa muda. Ukichelewa dakika moja, unaandikiwa pointi moja ya adhabu. Muda wenyewe ulipangwa ili uchelewe, vipande vingine hakuna binadamu angevimaliza kwa wakati. Mwisho wa yote, mwenye pointi chache ndiye mshindi. Kwa hiyo ukisimama kubadili tairi, unalipa. Ukikwama kwenye tope ukisubiri wanakijiji waje kusukuma, unalipa. Ukimngoja mchungaji avushe ng'ombe, hakuna karani atakayekuhurumia.

Baada ya maelfu ya kilomita, siku kadhaa mchana na usiku, wakaguzi walijumlisha kadi. Mehta: 406. Källström: 406.

Hebu fikiria hapo kidogo. Saa 6 na dakika 46 za kuchelewa kila mmoja, zimekusanywa tope kwa tope, pancha kwa pancha, halafu zinalingana hadi dakika ya mwisho. Ingekuwa mpira wangepiga penalti. Huku hakuna penalti, na magari yalikuwa yameshachoka.

Kanuni ilikuwepo, ingawa ni wachache walioikumbuka. Wakilingana, anatazamwa nani alikwenda mbali zaidi tangu mwanzo kabla ya kuandikiwa pointi yake ya kwanza ya adhabu. Kadi zikafunguliwa upya, zikasomwa kuanzia juu. Mehta ndiye aliyekuwa amekwenda mbali zaidi akiwa safi.

Yaani mbio hizo hazikuamuliwa kwenye kilomita za mwisho, watu wakiwa wamejipanga kushangilia. Ziliamuliwa mwanzoni kabisa, pale ambapo hakuna aliyekuwa akihesabu na ambapo madereva wengi hujiambia bado mapema, nitafidia mbele. Watatu alikuwa Ove Andersson na Peugeot 504, na aliyemsomea ramani alikuwa kijana Mfaransa aitwaye Jean Todt. Mashabiki wa Formula 1 wanamjua: ndiye aliyekuja kuiongoza Ferrari enzi za Schumacher, kisha akawa rais wa FIA.

Kwa ushindi ule Mehta alikuwa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kushinda raundi ya ubingwa wa dunia wa rali. Ilikuwa miezi minane tu tangu lile tangazo la Amin.

Miaka ya ukame, kisha minne mfululizo

Baada ya hapo mambo yalikauka. Mwaka 1974 na 1976 Safari ilikuwa ya Joginder Singh, Kalasinga wa Kericho ambaye Wakenya walimpenda kama ndugu, na Mehta alibaki kuwa yule aliyeshinda kwa hesabu. Mbio zenyewe pia zilipungua. Toleo la 1974 lilikuwa la mwisho kuitwa ya Afrika Mashariki. Baada ya hapo Safari ikabaki ndani ya Kenya. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Dar, Tanga na Usambara zikarudi kusikiliza redio.

Halafu ikaja 1979. Mehta akiwa na Datsun 160J na msoma ramani Mike Doughty alimshinda Mikkola, yuleyule wa Dar, ambaye safari hii alikuwa na Mercedes kubwa ya V8. Mwaka 1980 akashinda tena. Mwaka 1981 tena. Mwaka 1982 alimshinda Mjerumani Walter Röhrl, na Röhrl huyo ndiye aliyemaliza mwaka akiwa bingwa wa dunia.

Nne mfululizo, jumla tano. Na anayestahili kuonewa huruma katika miaka hiyo ni Rauno Aaltonen, Mfini, mwenzake wa timu, aliyekuwa wa pili nyuma ya Mehta mwaka 1980 na wa pili tena 1981. Aaltonen alimaliza wa pili katika Safari mara kadhaa maishani mwake na hakuwahi kushinda hata moja.

Mkenya Carl Tundo naye baadaye alifikisha ushindi mara tano, lakini katika miaka ambayo Safari haikuwa kwenye ubingwa wa dunia. Kwenye zile za ubingwa wa dunia, Mehta bado yuko peke yake.

Siri yake haikuwa kasi. Wapo waliokuwa na kasi kumzidi, nao waliacha magari yao kwenye mitaro. Gari la Mehta mara nyingi lilifika likiwa bado gari, na ile kanuni ya 1973, ya kukaa safi kwa muda mrefu kuliko wenzako, ukiitazama vizuri ndiyo iliyomfaa hata pale ambapo hakuna aliyelingana naye.

Nje ya Kenya pia alishindana sana, mara nyingi akiwa na mkewe Yvonne kama msoma ramani. Ndoa nyingi zinagombana kwa kupotea njia ya kwenda harusini. Hawa walikuwa wakisomeana kona kwa mwendo wa kasi. Mwaka 1981 alimaliza wa tano kwenye ubingwa wa dunia wa madereva.

Jangwa la Misri

Mwaka 1987 alikwenda Misri kwenye rali ya Mafarao akiwa na Peugeot. Huko akapata ajali mbaya sana. Alipona, lakini udereva wa mashindano uliishia pale, na mwili wake haukurudi kama zamani.

Hakuondoka kwenye mchezo. Aliingia kwenye uongozi na akafika kuwa mkuu wa kamisheni ya rali ya FIA, chombo kinachopanga mbio za dunia nzima. Na ni katika miaka yake huko ambapo Safari, mbio zilizomfanya ajulikane, zilitolewa kwenye ubingwa wa dunia. Ya mwisho ilikuwa 2002. Fedha hazikutosha, na dunia ilitaka rali fupi zinazoonekana vizuri kwenye televisheni.

Shekhar Mehta alifariki London tarehe 12 Aprili 2006, akiwa na miaka 60, kwa maradhi yaliyohusishwa na majeraha ya ile ajali ya zamani. Ilikuwa wiki ya Pasaka. Safari ilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, Naivasha, ikiwa imehamishiwa mwezi Juni.