HERGÉ, MTU ALIYECHORA KONGO BILA KUIONA

Wengi wanamjua Tintin na mbwa wake Milou wa hadithi za picha. Lakini nani alizichora?

Jina lake ni Georges Remi, alizaliwa Etterbeek, Ubelgiji, mwaka wa 1907. Aligeuza herufi za kwanza za majina yake, ikawa R.G., ndiyo Hergé. Tintin alionekana mara ya kwanza tarehe 10 Januari 1929 katika gazeti la watoto.

Mwaka wa 1930 mkubwa wa gazeti, padri Wallez, alimwambia atume Tintin Kongo. Hergé mwenyewe hakukanyaga huku hata siku moja. Alishika habari za vitabu, za vitu vya Tervuren na maneno ya Wabelgiji. Ndiyo sababu kitabu kile kinatuonyesha kama watoto wajinga. Ni sawa mtu wa Baraka kuchora Bibokoboko bila kupanda mlima.

Lakini mwaka wa 1934 alikutana na Tchang, mwanafunzi Mchina, aliyemwonyesha China ya kweli. Toka pale Hergé akajifunza kuuliza kwanza, kisha kuchora. Mwaka wa 1946 alichora upya kitabu cha Kongo, akatoa mambo fulani, lakini si yote. Alikufa mwaka wa 1983.

Mwenye kutaka kusoma aanze na Le Lotus bleu, kile Tchang alichosaidia. Cha Kongo akisome nyuma, akikumbuka amri ya tisa: ushuhuda wa uongo unaweza kuchorwa vilevile.