Allidina Visram: mtoto wa dukani aliyefanya biashara chini ya bendera tatu

BUJUMBURA. Ukiingia Buyenzi asubuhi kwa upande wa soko la Ruvumera, unakuta biashara imeshapamba moto. Marobota ya vitenge yanafunguliwa, mafundi wamelala chini ya magari, na simu zinapigwa Uvira, Kigoma na Dar es Salaam kuuliza mzigo umefika wapi. Tangu soko kuu la mjini lilipoungua Januari 2013, hapa ndipo wengi walipohamia. Na mzigo mwingi unaouona umekuja kwa mali kauli: umechukuliwa leo, utalipwa ukishauzwa.

Tembea kidogo tu kutoka hapo unafika Quartier Asiatique, mtaa ambao jina lake linaeleza nani aliishi pale. Mara nyingi tunasimulia kana kwamba Wahindi waliletwa na wakoloni, wakafungua maduka, wakafunga. Lakini njia iliyowafikisha kwenye ziwa letu ni ile ile iliyowaleta mababu wa watu wengi wa Buyenzi: Bagamoyo, Tabora, Ujiji, halafu majini. Mtu mmoja aliyefungua tawi lake Ujiji kabla karne ya 19 haijaisha alianza maisha kama mtoto wa kufagia duka. Jina lake Allidina Visram, na maisha yake yanawahusu watu wa mpakani kuliko wengi wanavyojua.

Alizaliwa mwaka 1851 katika kijiji cha Kera, jimbo la Kutch, magharibi ya India. Kutch ni nchi kame, mvua yake haina ahadi, na kwa vizazi vingi vijana wake wamekuwa wakipanda majahazi kufuata upepo wa kaskazi hadi pwani yetu. Yeye alikuja mwaka 1863, akiwa na umri wa miaka 12. Zanzibar wakati huo ilikuwa chini ya Sayyid Majid, na mji ulinuka karafuu na papa. Hakuja na mtaji. Alikuja na jumuiya, nayo ni aina ya mtaji: Makhoja wa Ismailia walikuwa tayari na maduka, nyumba za ibada na watu wa kumpokea mtoto asiye na mtu.

Aliingia kazini Bagamoyo kwa Sewa Haji Paroo. Wenzangu waliosoma Dar es Salaam wanalijua jina hilo kutokana na jengo la Sewa Haji katika hospitali ya Muhimbili. Huyu alikuwa tajiri wa kuandaa misafara. Mzungu yeyote aliyetaka kwenda bara, awe mpelelezi, mmisionari au askari, alipita kwake kutafuta wapagazi, vitambaa, shanga na waya wa shaba.

Hapa inafaa tukae kidogo, kwa sababu maisha ya kijana wa Kihindi katika miji ile ya pwani hayasimuliwi sana. Tunamwona akiwa ameshakuwa tajiri, nyuma ya meza, na hatumwoni akiwa na miaka 15. Kijana wa dukani alilala dukani, mara nyingi juu ya marobota yenyewe, maana alikuwa mlinzi pia. Alikula kwa tajiri wake, wali au chapati na dengu, na mshahara wake hakuushika mkononi. Uliandikwa kwenye daftari la tajiri mwaka hadi mwaka. Daftari liliandikwa Kigujarati. Mchana, hata hivyo, alizungumza Kiswahili tangu kufungua mlango hadi kufunga, kwa kuwa mnunuzi alikuwa Mnyamwezi, Mzaramo, Mmanyema au Mwarabu. Ndiyo maana maneno kama hundi, bima, laki, cheti na gari yapo midomoni mwetu hadi leo bila mtu kuuliza yalitoka wapi.

Alijifunza kupima. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, kilo 30 na ushei, na mwenye kukosea kipimo Bagamoyo alimwumiza mtu njia nzima hadi Ujiji, safari ya miezi mitatu au zaidi kwa miguu. Alijifunza vitambaa pia. Merikani na kaniki vilitembea kama fedha, lakini kila nchi ilikuwa na shanga yake. Rangi iliyopendwa mwaka jana Unyamwezi huenda mwaka huu isimpatie mtu hata kuku. Mama anayeuza vitenge Ruvumera, anayejua ua lipi litakwenda Bukavu na lipi litarudi na vumbi, anafanya hesabu ile ile.

Biashara yenyewe haikuwa safi, nami siwezi kuipaka rangi. Pembe za ndovu zilizoshuka pwani zilitoka katika nchi zilizokuwa zikivamiwa, na wengi waliozibeba hawakuwa watu huru. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, wakati Allidina ni kijana wa miaka 22, lakini bara mambo yaliendelea kwa miaka mingi baadaye. Familia za Buyenzi zenye asili ya Manyema zinaijua habari hiyo kuliko kitabu chochote. Mwenye duka Bagamoyo hakuona uvamizi. Aliona pembe, akapima, akalipa. Hivyo ndivyo mnyororo mrefu wa biashara unavyomficha mtu asione ulipoanzia, wakati ule na hata leo kwenye dhahabu inayovuka mipaka yetu.

Taratibu kijana akawa mfanyabiashara. Alitoa nguo, chumvi na nafaka, akapokea pembe, nta, asali na karafuu. Akafungua matawi Dar es Salaam, Saadani, Tinde na Ujiji, na mzigo wake ukafika ng'ambo ya Tanganyika, katika Kongo ya mfalme Leopold. Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, Allidina aliichukua biashara ya misafara. Alikuwa na miaka 46, na kazi aliyoirithi ilikuwa inakufa.

Inakufa, maana mwaka uliotangulia Waingereza walikuwa wameanza kujenga reli kutoka Mombasa kwenda Ziwa Victoria. Mtu mwingine angeshikilia njia aliyoizoea, maana alikuwa na wapagazi, madeni na heshima upande wa Wajerumani. Yeye alihamisha macho kaskazini. Reli iliajiri wafanyakazi zaidi ya 30,000 kutoka India, ambao karibu 2,500 kati yao walikufa kwa magonjwa na ajali. Watu hao walihitaji mchele, unga, dengu na samli. Allidina alifungua maduka kuifuata reli, kituo baada ya kituo, na reli ilipofika Kisumu Desemba 1901 yeye alikuwa ameshatangulia Kampala.

Uganda ndiko alikokuwa mkubwa. Watu walimwita mfalme wa Uganda asiye na taji, jina ambalo sidhani kama Kabaka alilifurahia. Maduka yake yalifika mahali ambapo serikali yenyewe ilikuwa na bendera na kibanda tu. Benki hazikuwepo, National Bank of India ilifungua tawi Entebbe mwaka 1906. Kabla ya hapo, ofisa aliyetaka rupia za kulipa askari wake alikwenda dukani kwa Allidina na hati, akapewa fedha. Fikiria hilo, msomaji: dola iliyojivunia manowari ilitegemea daftari la Kigujarati.

Baadaye yakaja mambo makubwa. Alinunua pamba kutoka kwa wakulima na kuweka vinu vya kuichambua. Alikuwa na viwanda vya mafuta na sabuni, karakana za ngozi, mashamba ya miwa na mpira, na majahazi ziwani. Aliajiri mamia ya vijana kutoka India. Hawa walipitia njia aliyopitia yeye: kulala dukani, kujifunza Kiswahili au Luganda, kusubiri miaka, kisha kupewa mali kauli na kuambiwa wakafungue duka lao mbele kidogo, mahali ambapo hakuna duka. Aliyefanikiwa alilipa na kuchukua tena. Matajiri wengi wa Kihindi wa Afrika Mashariki walianza kwa mkopo wa namna hii.

Mnyororo wote ulikwenda hivi. Mwenye ghala Bombay alimwamini tajiri wa Mombasa, tajiri akamwamini mwenye duka wa bara, mwenye duka akamwamini mkulima mpaka pamba ivunwe. Hakukuwa na mahakama ya karibu wala dhamana ya nyumba. Kilichokuwepo ni jina. Aliyevunja ahadi Jinja, habari zilimtangulia Zanzibar, na binti yake huenda akakosa mchumba. Tusisahau kwamba aliyekuwa mwisho wa mnyororo, yaani mkulima, alibeba pia bei ya kuaminiana kote huko, kwa kuuza pamba kwa bei aliyopangiwa.

Wanaosimulia habari zake wanamwelezea kama mtu mwenye mkono mwepesi wa kutoa. Alikuwa Ismailia, lakini alichangia kanisa kuu la Namirembe, na alitoa kwa shule, hospitali na Msalaba Mwekundu. Wapo watakaosema alikuwa ananunua urafiki wa wakubwa, na huenda kuna ukweli ndani yake. Mimi naona pia mtoto wa miaka 12 aliyeshuka jahazini akiwa hana kitu, akapokewa.

Mwaka 1914 vita ikaingia. Kwa mtu mwenye biashara chini ya Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji, hilo lilikuwa pigo la pekee. Mipaka ambayo hadi jana ilikuwa kituo cha forodha na salamu za asubuhi ikawa mistari ya mizinga. Wahindi walihesabiwa kuwa watu wa himaya ya Uingereza, hivyo upande wa Wajerumani, ambako wengine walizaliwa, ghafla wakawa watu wa adui. Februari ya mwaka huo huo reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika Kigoma, na Ujiji, mji uliolisha misafara kwa miaka mingi, ukaanza kuwa kitongoji. Njia ya Bagamoyo, iliyomlea, ilikuwa imekwisha.

Alikuwa na miaka 65 alipofunga safari ya biashara kwenda Kongo mwaka 1916. Mtu wa umri wake na mali yake angeweza kutuma karani. Alikwenda mwenyewe. Alirudi na homa, na tarehe 30 Juni 1916 akafariki Kampala. Mwezi huo huo wa Juni majeshi ya Wabelgiji yaliingia Usumbura na kisha Gitega, na Burundi ikabadilisha mkoloni.

Kilichofuata ndicho wafanyabiashara wa leo wanapaswa kukiangalia kwa makini. Biashara ile kubwa haikudumu. Mwanawe Abdulrasul aliirithi, lakini yeye pia hakuishi muda mrefu baada ya baba yake. Bei ya pamba ilianguka baada ya vita. Fedha nayo ikageuka: rupia, iliyokuwa na thamani ya shilingi moja na peni nne za Kiingereza kabla ya vita, ilipandishwa mwaka 1920 hadi shilingi mbili, kisha ikaondolewa kabisa. Mtu aliyekuwa na deni la rupia huku mazao yake yakiuzwa London kwa fedha ya Kiingereza, aliamka asubuhi deni limepanda kwa nusu bila kukopa hata senti. Anayenunua kwa dola na kuuza kwa faranga za Burundi haitaji kuelezewa zaidi.

Lakini soko peke yake halielezi kila kitu. Matawi yale yote yalining'inia kwenye jina la mtu mmoja. Mwenye duka wa bara alimwogopa na kumpenda Allidina, hakuiogopa kampuni. Mzee alipozikwa, kila mdaiwa alijiuliza kama deni bado lipo, na kila mdai alitaka chake haraka. Madaftari yalikuwepo, ila yule aliyejua nani alikuwa amepata hasara kweli na nani alikuwa anajificha, hakuwepo tena.

Kabla hajafa, Abdulrasul alijenga shule Mombasa kwa kumbukumbu ya baba yake. Allidina Visram High School ipo hadi leo, ikitazama bahari, na wanafunzi wake sasa ni watoto wa Kenya wa kila kabila. Sanamu ya mzee mwenyewe iliwekwa Treasury Square, katika mji huo huo, karibu na majengo ya serikali na benki. Ujiji, ukishuka kwenye daladala kutoka Kigoma, hakuna sanamu yake. Kuna miembe ya zamani, barabara inayoshuka ziwani, na maduka madogo ambayo bado yanauza chumvi na nguo kwa watu wanaosubiri boti ya kuja kwetu.