Adrien Atiman, Mganga wa Karema

Kitabu cha kwanza cha Samweli chatusimulia habari za mtoto aliyeitwa na Mungu usiku. Mara tatu alimkimbilia mzee Eli, maana hakuijua sauti ile. Mara ya nne aliijua, akaitika kwamba yu tayari kusikia. Adrien Atiman naye aliitika vivyo hivyo.

Alizaliwa karibu na mwaka 1866, upande wa Timbuktu, mbali sana na Tanganyika. Angali mtoto, alitekwa na wakamataji wa watumwa, akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa. Mapadre Weupe wakamkomboa, wakamlea Algeria. Mwaka 1882 akabatizwa. Kisha akapelekwa kisiwa cha Malta, akasomea kazi ya uganga hata mwaka 1888.

Hapo akaitwa kwenda Ziwa Tanganyika, awe mganga na katekista. Mwito huo haukuwa mwepesi. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Tabora katika nchi ya Unyanyembe. Hapo ikagawanyika: moja yaenda Buganda, moja Ujiji, na moja Karema. Kwa njia hiyo hiyo watumwa walishushwa pwani wamefungwa minyororo, pamoja na pembe za ndovu. Basi mtu aliyekwisha kuuonja utumwa alitakiwa kuufuata hata mahali unapoanzia. Wala hakutoa udhuru. Akasafiri na msafara, akafika Karema mwanzo wa mwaka 1889.

Kazi ilikuwa nyingi, na mganga ni mmoja. Akafunga majeraha, akapasua wagonjwa, akawafundisha watu dini. Tena hakuidharau elimu ya wenyeji, bali alijifunza miti yao ya dawa. Akaoa huko, na mwanawe Yosefu akawa padre. Miaka ikapita zaidi ya 60, naye hakuiacha kazi yake. Akafa Karema mwaka 1956, mzee wa miaka ipatayo 90.

Samweli aliitika usiku mmoja, lakini alimtumikia Mungu hata uzee wake. Ndivyo alivyofanya Atiman. Mara mbili alikwenda nchi ya mbali asiyoijua. Mara ya kwanza alichukuliwa kwa nguvu, asipende. Mara ya pili aliitwa, akaenda kwa hiari yake. Mtumwa huburutwa, bali aliye huru huitika.