Gandhi na moyo usiofumbata

Hutokea siku, katika mihadhara yetu ya isimu, neno moja likatutoa kabisa kwenye sarufi. Ndivyo ilivyokuwa mwanafunzi mmoja aliponiuliza ni vipi tungelitafsiri kwa Kiswahili neno la Kisanskriti anasakti, ambalo Mohandas Gandhi alilitumia kuipa jina tafsiri yake ya Bhagavad Gita kwa lugha ya Kigujarati. Wenzake walimjibu upesi: kutojali. Mwingine akapendekeza zuhudi, na wa tatu akasema ukavu wa moyo. Sikuridhika na hata moja kati ya hayo, na yamkini mwenye neno asingeliridhika pia, tukiyachunguza maisha aliyoyaishi.

Gandhi alizaliwa Porbandar, magharibi mwa India, Oktoba 2, 1869. Mwaka wa 1883 wazazi waliwaoza yeye na Kasturba, wote wawili wakiwa bado watoto. Miaka mitano baadaye alikwenda London kusomea sheria, na huko marafiki wawili wakamwomba asome nao Gita katika lugha yake ya asili. Aliona haya, maadamu hakuwa ameisoma kwa lugha yoyote ile. Aliianza kwa Kiingereza, katika tafsiri ya Edwin Arnold. Tusimcheke. Wangapi kati yetu walizisoma tenzi za pwani katika tafsiri za Kiingereza kabla ya kuzisikia zikighaniwa?

Mwaka wa 1893 alisafiri kwenda Afrika Kusini, na meli yake ikatia nanga Lamu, Mombasa na Zanzibar. Pwani yetu ilimwona akiwa wakili kijana asiyejulikana na mtu. Alipokuwa Johannesburg ndipo Gita ilipomkaa moyoni. Alibandika vikaratasi ukutani akakariri beti huku akipiga mswaki, hata akahifadhi sura 13.

Funzo la kitabu hicho lililomteka ni kwamba mtu atende wajibu wake kwa bidii yote, lakini asiyang'ang'anie matunda ya kazi yake. Hapo ndipo wengi hukosea. Hudhani kwamba asiyeng'ang'ania lazima awe asiyehisi, na kwamba mwenye hekima ni yule aliyeuziba moyo wake kama mtu azibavyo chupa. Gita yenyewe haisemi hivyo. Humwita mnafiki yule anayevizuia viungo vyake ilhali akili yake inaendelea kuvitafuna vile alivyojinyima, na huuliza kulazimisha maumbile kunafaa nini. Mtu aliyetulia hufananishwa na bahari ambayo mito yote huingia ndani yake nayo haifuriki. Bahari haiizuii mito. Tena Arjuna, aliyeambiwa maneno hayo na Krishna kabla ya vita, katika utenzi uo huo mkubwa wa Mahabharata humlilia mwanawe Abhimanyu kwa uchungu mwingi baada ya kuuawa vitani. Hakuwa amelisahau somo. Alikuwa baba.

Gandhi hakulielewa jambo hili kwa siku moja. Mwaka wa 1901, alipokuwa akiondoka Afrika Kusini kurejea kwao, jamii ya Wahindi ilimtunukia yeye na jamaa yake vito vya thamani, ukiwamo mkufu wa dhahabu wa gini 50 alioletewa Kasturba. Usiku kucha alitembea chumbani akiwaza, na kulipokucha akaamua kuviweka wakfu kwa ajili ya jamii. Kasturba alilia. Alisema kwamba mumewe alikwisha kumvua mapambo yake mwenyewe, na kwamba vito hivyo vingewafaa wakaza wana wa siku zijazo. Wakfu uliandikwa. Uamuzi ule ulikuwa mwema kwa jamii, sipingi, lakini aliyeuachilia mkufu siye aliyekuwa ameupewa. Ni rahisi mno kutong'ang'ania mali ya mwingine.

Baadaye aliiacha bima yake ya maisha ya rupia 10,000 ife, kwa kuona kwamba Mungu angewatunza mkewe na watoto wake. Akamwandikia kaka yake mkubwa kwamba akiba yake tangu sasa ingekwenda kwa jamii. Kaka huyo, ambaye ndiye aliyegharamia masomo yake, alikasirika sana.

Aliyelipa gharama kubwa zaidi ni Harilal, mwanawe wa kwanza, aliyezaliwa mwaka wa 1888. Kijana huyo alifungwa mara kadhaa katika mapambano ya baba yake huko Afrika Kusini. Alitamani kusomea sheria Uingereza kama baba yake. Nafasi ya ufadhili ilipopatikana, Gandhi aliwapa vijana wengine, asije akaonekana kumpendelea mwanawe. Mwaka wa 1911 Harilal alimwacha, na maisha yake yakaishia katika ulevi na madeni. Sidhani kwamba kosa la Gandhi lilikuwa kutompendelea, kwani haki ilimtaka afanye hivyo. Alichokosea, kwa maoni yangu, ni kuuchukulia upole wa baba kuwa sehemu ya upendeleo, akavikata vyote viwili kwa kisu kimoja. Nafasi ile angeweza kumnyima mwanawe na bado akamlilia.

Tafsiri yake ya Gita aliikamilisha mwaka wa 1929, akaandika utangulizi wake Kausani, chini ya milima ya Himalaya. Ilichapishwa Machi 12, 1930, siku ile ile aliyoanza safari ya kwenda Dandi kwa miguu kuivunja sheria ya chumvi. Aliiita Anasaktiyoga. An- ni kikanushi. Asakti ni kule kushikamana na kitu. Kiswahili kina silabi inayofaa sana hapa, nayo ni -at- ya kamata, ambata na fumbata. Mkono unaofumba unaweza kufumbuka, lakini unaofumbata umeng'ang'ania kilichomo. Basi nilimjibu mwanafunzi wangu kwamba anasakti ni kutofumbata. Mkono unagusa, unapapasa, hata unatetemeka, ila haufumbati.

Alipofikia uzee, Gandhi alikuwa amekaribia maana hiyo. Agosti 9, 1942, Waingereza walimkamata wakamfunga katika kasri la Aga Khan mjini Poona. Siku sita baadaye Mahadev Desai, katibu wake wa miaka 25, alikufa ghafla humo humo kwa ugonjwa wa moyo. Gandhi alimwita kwa jina tena na tena, akiamini kwamba angefumbua macho na kumtazama angeinuka. Kisha akamwosha kwa mikono yake mwenyewe, akamwashia moto. Tangu siku hiyo alikuwa akienda mahali hapo kuweka maua.

Kasturba naye aliugua kifungoni. Penisilini ililetwa kwa ndege, dawa ngeni wakati huo, na mwana wao Devdas akataka adungwe. Gandhi alikataa mgonjwa aliyekwisha kukata tamaa aongezewe maumivu ya sindano. Watu wanabishana hadi leo kama alikuwa na haki. Kasturba alikata roho jioni ya Februari 22, 1944, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mumewe. Kesho yake Gandhi aliketi karibu na moto kwa saa nyingi, akifuta machozi, akakataa kwenda kupumzika ingawa alisihiwa. Aliwaambia waliokuwa naye kwamba hawezi kuyawaza maisha bila mkewe. Na Wavell, mtawala wa India ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga, alipomwandikia kumpa pole, Gandhi alimjibu kwamba aliona afadhali mkewe amepumzika na mateso, lakini yeye mwenyewe alikuwa akiuhisi msiba ule kuliko alivyotazamia.

Mtu aliyeitafsiri Gita, akaihubiri na kuikariri kwa miaka 40, aliyaandika hayo kwa adui yake bila haya.

Aliachiliwa Mei 6, 1944, akiwa amedhoofika kwa malaria. Asubuhi hiyo, kabla ya kutoka, alikwenda mahali walipochomewa Mahadev na Kasturba, akaweka maua, akasali, kisha akaingia garini.