Samora Machel: nesi aliyeshika SMG

Wadau, mnaopita kila siku mtaa wa Samora pale Posta, Dar, huyo jamaa hakuwa mtu wa mchezo. Samora Machel alizaliwa 1933 Chilembene, mkoa wa Gaza, Msumbiji. Kazi yake ilikuwa unesi. Mwaka 1963 aliwatoroka Wareno, akapitia Botswana ya sasa mpaka Dar kujiunga na FRELIMO. Akapelekwa Algeria kusomea jeshi, akarudi kuwafunza wenzake kambi ya Kongwa, Dodoma.

Vita ilianza Septemba 25, 1964. Mreno alikuwa na G3, ndege na helikopta. Vijana wa Samora walivaa magwanda na kushika AK-47, ile sie tunaiita SMG. Chuma hicho hakina makuu: kinavumilia vumbi na matope, na hata mkulima anakizoea haraka. Mwaka 1970 Samora akawa kiongozi wa FRELIMO, na uhuru ulipopatikana Juni 25, 1975 akawa rais. Gwanda hakulitupa.

Bendera ya mwaka 1983 ikawa na AK-47 yenye singe, pamoja na jembe na kitabu. Lakini SMG haina chama bwana! RENAMO nao walikuwa nazo, na raia wengi wakauawa hadi amani ya 1992. Samora hakuiona. Ndege yake ilianguka Mbuzini, Afrika Kusini, Oktoba 19, 1986.

Bunduki bado ipo kwenye bendera. Ibaki kwa heshima ya waliopigania uhuru, au itoke kwa ajili ya waliouawa nayo baadaye? Nyie mnasemaje?